Kabla ya kuyalaumu mabloki ya Michenzani

Ukitoka Darajani na kushika njia ya Michenzani, mabloki yale hukupokea mapema: marefu, yamenyooka kama mabehewa ya treni, rangi imechujuka, nguo zimeanikwa kila roshani. Mgeni huyatazama mara moja tu akatoa hukumu kwamba yameuharibu mji. Nasi wenyewe tumeizoea hukumu hiyo, hasa tokea Mji Mkongwe uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, maana uzuri wa mawe na milango ya nakshi ndio uliogeuzwa kipimo cha kila kitu Unguja. Sasa nyumba kongwe za Kwahani nazo zimebomolewa kupisha maghorofa mapya, na suala la zamani limerudi barazani: Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar aliyeyajenga mabloki haya, aliwajengea watu wa Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, au aliwavunjia mji wao?

Wanaosema aliwavunjia wana hoja, tena nzito. Mitaa ya Ng'ambo, kama Mwembetanga, Kisimamajongoo, Vikokotoni na Miembeni, ilikuwa na watu wanaojuana kwa majina ya bibi zao. Siti binti Saad alitoka shamba, Fumba, akaja kukaa upande huu, na taarabu ya Kiswahili ikapata sauti yake hapa. Nyumba yenyewe ya miti na udongo ilijengwa kwa akili: baraza mbele kwa wapita njia, ukumbi katikati, uwani nyuma kwa mapishi na faragha ya wanawake. Mtoto akioa, huongezwa chumba uwani. Fleti ya ghorofa ya tano haiongezeki, na ngazi zake ni adhabu kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Mpango wa 1968, uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, uliwasukuma wengi kando, kisha ikajengwa sehemu ndogo tu ya kilichochorwa.

Hayo yote nayakubali. Linalonikera ni kwamba masimulizi haya huishia kwenye kuta na paa. Chini ya zile kuta kulikuwa na ardhi, na hiyo ardhi ilikuwa na mwenyewe.

Mkaazi wa Ng'ambo alikuwa na nyumba bila ya kuwa na kiwanja. Miti alinunua yeye, udongo alikanda yeye na jirani zake, makuti aliezeka yeye. Lakini pale iliposimama palikuwa mali ya mtu mwingine. Hapo mwanzo kukaa kulitegemea ruhusa na uhusiano na mwenye shamba, na wengi waliofika upande huu walikuwa watu waliotoka utumwani au watoto wao. Mji ulipokua, ruhusa ikageuka kodi, na kodi ikawa inapanda. Fikiria maana yake kwa mchukuzi wa bandarini. Nyumba ya udongo haihamishiki. Ukishindwa kulipa kiwanja, unapoteza na ulichojenga kwa mikono yako, na mwenye ardhi analijua hilo kabla hujafungua mdomo. Kila ukiiboresha nyumba, ukatia chokaa, ukabadilisha mlango, unazidi kujifunga, kwa sababu una kingi zaidi cha kupoteza. Ndiyo maana sishangai kwamba nyumba nyingi zilibaki za udongo kwa miongo. Wapangaji wa kikoloni waliziandika kuwa ni mabanda ya wenyeji, kana kwamba udongo ulikuwa tabia ya watu.

Mwaka 1928 subira ilikwisha. Wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, wanaume kwa wanawake, na mgomo ukawa mkubwa kiasi cha serikali ya Mwingereza kulazimika kutunga sheria ya kuidhibiti kodi hiyo. Sheria ilipunguza maumivu tu, kiwanja kikabaki cha mwenye ardhi. Mipango ya mji ilitolewa mwaka 1923 na tena 1958, na bado mtu wa Ng'ambo alikuwa mpangaji juu ya ardhi.

Sasa rudi kwenye Mapinduzi ya 1964. Ardhi yote ikatangazwa kuwa ya Serikali, na kiongozi aliyeishi maisha ya watu hawa akaahidi nyumba bora bila ya malipo: zege, choo ndani, taa ya umeme. Yalianza mabloki ya Kikwajuni, yakafuata ya Michenzani, na mengine mpaka mashamba, Bambi na Makunduchi, na Pemba pia. Kwa mama ambaye wazazi wake waligoma mwaka 1928, ufunguo wa fleti ulikuwa jibu la madai ya ukoo mzima. Urefu wa jengo haukumshughulisha. Mzee Karume aliuawa Kisiwandui, humo humo Ng'ambo, Aprili 1972, hakuyaona yakimalizika.

Hapa pia ndipo upande ninaoutetea unapopwaya. Ardhi ilitoka kwa mwenye shamba ikaenda kwa Serikali, na mkaazi hakuwahi kuwa na sauti katika mchoro. Mtu aliyepewa kwa hisani huona haya kudai, na nadhani ndiyo sababu matengenezo ya mabloki yaliachwa bila mwenyewe kwa muda mrefu: maji kutopanda juu, ngazi zenye giza. Hata hivyo watu hawakusubiri. Tazama chini ya mabloki jioni: kahawa, mbao za bao, maduka, vijana wa maskani ya Kisonge. Baraza iliyobomolewa imejengwa upya pale pale.

Kwa hiyo nikisikia watu wa Kwahani wanaulizwa kama wanapenda sura ya maghorofa yao mapya, naona wameulizwa jambo dogo. Mimi ningewauliza karatasi waliyopewa pamoja na ufunguo imeandika nini, kwa jina la nani, na mtoto wao atairithi vipi.