Robo Lita ya Shemeji

Mume wa dada yangu ana imani moja tu katika mambo ya ufundi: ukiambiwa weka kidogo, wewe ongeza. Baiskeli yake ya changarawe ina matairi ya milimita 40 yasiyo na tyubu, na tairi la upana huo linataka mililita 60 hivi za dawa ya kuziba pancha, ile nyeupe yenye utomvu wa mpira. Mwoga ataweka 80. Shemeji alimimina robo lita kwenye gurudumu la nyuma.

"Dawa inakauka, shemeji," alinielimisha.

Hapo alikuwa na hoja. Hukauka kweli, pengine baada ya miezi miwili, pengine sita, kutegemea joto. Ukitikisa gurudumu usisikie kitu kikicheza ndani, ujue imebaki ngozi tu. Lakini tiba yake ni kuongeza kidogo kila baada ya miezi michache, si kulinywesha tairi dozi ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Balaa zaidi, robo lita ile ilimpa ujasiri wa kupunguza upepo. Mtu wa kilo 90 na ushei, mwenye mkoba nyuma ya kiti, kwenye tairi la milimita 40 anahitaji psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 35 mpaka 40 upande wa nyuma. Yeye aliweka 25, eti makalio yapumzike.

Makalio hayo tukayapandisha Ponale.

Ponale ni barabara ya zamani iliyochongwa kwenye ukuta wa mwamba juu ya Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, kutoka mji wa Riva del Garda kwenda bonde la Ledro. Ilifunguliwa mwaka 1851, na aliyeipigania mpaka ikajengwa ni Giacomo Cis, mwenyeji wa bonde hilo. Siku hizi magari yanapita ndani ya handaki refu mlimani, na tangu 2004 njia ya zamani imekuwa ya watembea kwa miguu na baiskeli. Vibao vyake vina alama D01. Unaanzia ziwani, mita 65 juu ya usawa wa bahari, na ukiendelea mpaka Ziwa Ledro unakuwa umefika mita 655. Haina mwinuko wa kukatisha tamaa. Ilijengwa kwa ajili ya magari ya farasi, na farasi hawapendi miujiza. Inapita kwenye vijihandaki vya mawe, chini yako maji ya buluu, na hakuna lori la kukupigia honi.

Tatizo ni vitu viwili. Kwanza kokoto: mwamba wa pale ni wa chokaa, ukipasuka unatoa ncha za kukata. Pili upepo. Asubuhi unavuma wa kaskazini, wanauita Pelér, na kuanzia mchana unashika zamu wa kusini, Ora. Huyo Ora mkumbuke, ni shahidi muhimu katika kesi hii.

Kupanda kulikwenda vizuri. Kushuka ndiko kulikotuumbua. Njia ile imejaa wapandaji wa miguu, kwa hiyo mwenye baiskeli anashuka polepole, kengele mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya shemeji, karibu kuliko inavyoshauriwa. Nikasikia *kng!*, rimu limegonga jiwe. Mlio huo hauna tafsiri mbili: upepo mdogo, tairi limebanwa kati ya chuma na ncha ya jiwe, limekatwa. Nikafungua kinywa nimwambie asisimame.

Nilichomwambia hakijulikani hadi leo, kwa sababu dawa ilishaingia. Inanuka amonia, na ladha yake siiombei mtu.

Kwa nini asisimame? Kwa sababu gurudumu linapozunguka, dawa inasukumwa ukutani mwa tairi na kupita kwenye tundu tena na tena, mpaka chembe zake zinanasa na kuziba. Ukilazimika kusimama, zungusha gurudumu tundu liwe chini, dawa ilijie. Shemeji alifunga breki papo hapo, tundu likabaki juu pembeni, limewaelekea watu waliokuwa wakipanda kutoka Riva. Ora naye alikuwa anavuma kutoka mgongoni kwetu kwenda kwao.

Mbele ya kundi lile alikuwepo mama mmoja wa makamo, mwenye fimbo mbili za kutembelea na suruali nyeusi. Nyeusi mpaka sekunde ile.

"Shemeji, ziba kwa kidole!" nikapiga kelele.

Akaziba. Kidole chake kinene, tundu likagawanyika, sasa chemchemi zikawa mbili. Mama akasema maneno ya Kiitaliano ambayo hatukuyaelewa ila tuliyastahili, akatoa karatasi laini akaanza kusugua. Usifanye hivyo. Utomvu mbichi unatolewa kwa maji tu, upesi, kabla haujashika. Ukiusugua unauingiza kwenye nyuzi na karatasi inabaki humo humo. Nikamwashiria shemeji: maji! Na shemeji, kwa moyo safi kabisa, akachomoa chupa yake akammiminia mama wa watu juisi ya machungwa yenye sukari.

Niliyamalizia kwa maji yangu. Dawa ilitoka. Juisi sijui.

Tundu lenyewe lilikuwa la milimita tano hivi, karibu na ukingo wa sehemu inayokanyaga, na dawa peke yake ilikuwa inatoa mapovu tu. Hapo unatumia uzi wa mpira wenye gundi: unaupitisha kwenye jicho la sindano yake, unausukuma mpaka zibaki ncha za sentimita moja nje, kisha unachomoa sindano kwa mkupuo. Usiuzamishe wote, utatumbukia ndani. Ncha zinazojitokeza ziache, barabara itazinyoa yenyewe. Ulishika mara ya kwanza.

Shemeji akataka kujaza kwa kimtungi cha gesi ya CO2. Nikamkatalia. Gesi ile kwenye dawa nyingi za utomvu inazigandisha mabonge, tena inapenya kwenye mpira upesi kuliko hewa ya kawaida, kesho uko pale pale. Akapiga pampu ya mkono mpaka jasho likamchoresha mistari kwenye ule weupe. Pampu yake ni ya mpira wa kufungia kwa skrubu. Mpira wa namna hiyo una tabia mbaya: unapoufungua, kiini cha valvu, kile kipande kidogo cha ndani kinachozuia upepo, kama hakikukazwa kinafunguka pamoja nao. Kikafunguka. Upepo wote ukatoka, na kwa kuwa valvu ilikuwa upande wa chini, dawa iliyobaki ikaufuata, safari hii miguuni mwa shemeji mwenyewe. Akaukung'uta mpira wa pampu kwa hasira. Kiini kikaruka, kikagonga ukuta mdogo wa mawe, *tik*, kikaenda Garda.

"Kimekwenda wapi, shemeji?"

"Kuoga."

Mama yule, ambaye sasa alikuwa amekaa juu ya jiwe akitutazama kama watu wanavyotazama ngoma ya mganga, akaanza kucheka.

Kilichotuokoa ni tyubu ya akiba. Tyubu nyingine kiini chake hakifunguki, lakini ukiona valvu yake ina sehemu mbili bapa karibu na ncha, kiini unakitoa kwa kifunguo kidogo na kinaingia sawasawa kwenye valvu ya tairi. Nikakikaza kwa kifunguo, si kwa vidole. Valvu juu, pampu tena, mpaka tairi likawa gumu kwa dole gumba. Tukabaki na tyubu isiyo na kazi, tukashuka mwendo wa bibi harusi.

Riva nilijiangalia kwenye kioo. Dawa ilikuwa imekauka kwenye nyusi ya kushoto. Kwenye ngozi inabanduka yenyewe. Kwenye nywele unapaka mafuta ya kupikia, unasubiri ilainike, unaivuta taratibu. Nilikuwa natafuta mafuta shemeji aliposema, "Ngoja nikusaidie," akakamata ncha.

Dada alipopiga simu ya video alitukagua wote wawili, akamuuliza mumewe nusu ya nyusi ya kaka yake iko wapi.

"Aliweka upepo mdogo," shemeji akajibu.