Katekisimu ya nyumbani: anayeulizwa swali ni nani?

Makatekista wa parokia za Mwanza mjini wana lalamiko lisilozeeka. Mtoto analetwa kuandikishwa mafundisho ya komunyo ya kwanza akiwa na miaka tisa, anaimba bongofleva mwanzo hadi mwisho, lakini Salamu Maria inamkatikia njiani. Wazazi nao wana jibu lao: zaka tumetoa, michango tumelipa, mtoto tumemleta, kufundisha si kazi ya katekista? Ubishi huo kwa kawaida huishia kwenye lawama kabla watu hawajafika kwenye swali lenyewe. Je, mtoto wa miaka minne au mitano akae na mzazi wake nyumbani afundishwe katekisimu kwa maswali na majibu, au aachwe akue kwanza, ili atakachokisema awe anakielewa?

Nani mwenye wajibu, hilo kwenye maandishi limekwisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliwataka wazazi wawe wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 774, zinawataja wazazi kabla ya wengine wote. Siku ya ubatizo padre anawauliza waziwazi kama wanajua mzigo wanaojitwisha, nao wanajibu ndiyo, wengine macho yakiwa kwa mpiga picha. Walutheri wana historia ndefu zaidi katika hili. Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, baada ya kutembelea parokia za Saksonia na kukuta ujinga wa kutisha wa mambo ya imani, na juu ya sehemu zake aliandika kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mwenye nyumba, si mchungaji. Leo kitabu hicho, kwenye sharika nyingi za KKKT, hufunguliwa mtoto anapofika darasa la kipaimara, sauti imeshaanza kukwaruza.

Ukitaka kujua tumefikaje hapa, anzia Bukumbi, kusini mwa jiji. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walipoondoka Buganda mwishoni mwa 1882 walivuka kuja upande huu wa ziwa, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni pale, wakiwa na watoto yatima waliokombolewa utumwani. Watoto hao hawakuwa na baba wala mama wa kuwafundisha. Misheni ndiyo ilikuwa kwao. Hata kwa wenyeji waliowafuata, mzazi mwenyewe alikuwa bado hajabatizwa, na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la mapadre hao, alikuwa ameweka kanuni ya ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa, wa miaka minne kabla ya maji ya ubatizo. Kwa hali ile mafundisho yalilazimika kutoka nje ya nyumba: kwa padre, na zaidi kwa katekista aliyekwenda kijiji kwa kijiji kwa miguu. Mpango ule uliwafaa watu wale. Ila vitukuu wao wamezaliwa kwenye nyumba zenye picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani, na bado wanaona imani ni kitu cha kwenda kuchukuliwa misheni.

Sasa tuje kwenye kukariri. Kumepata jina baya, na walimu wa shule wana sababu zao. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, naona wapinzani wanaharakisha. Mtoto wa miaka mitano anakariri atake asitake: matangazo ya redio, maneno ya kondakta, matusi ya jirani. Ndugu zetu Waislamu wanawapeleka watoto madrasa wakiwa wadogo, wanahifadhi sura kwa Kiarabu ambacho nyumbani hakisemwi, na hakuna anayeona haya, kwa sababu maelezo yatakuja baadaye na kukuta maneno yapo tayari. Yohane Paulo wa Pili, papa ambaye hakuwakimbia vijana na maswali yao, aliandika mwaka 1979 kwamba maua ya imani na ibada hayaoti kwenye jangwa la katekesi isiyotumia kumbukumbu.

Kuna hoja nyingine ambayo wasomi wa mjini huisahau. Watoto wengi wa kanda hii wanalelewa na bibi, na mabibi wengi hawakufika mbali shuleni. Bibi wa Ukerewe au wa Magu ambaye hasomi kitabu ana Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, amri kumi, sakramenti saba na mafumbo ya rozari kichwani, kwa sababu alifundishwa kwa kukariri. Ukishasema kwamba mafundisho ya nyumbani lazima yawe mazungumzo ya vitabu vya picha na maswali ya kuchemsha bongo, umemvua bibi huyo ualimu wake, na mara nyingi hakuna mwingine wa kuushika.

Lakini wanaopinga hawasemi ovyo. Kanda ya Ziwa imesali Nasadiki kwa zaidi ya karne moja. Ni kanda hii hii ambako, hasa kuanzia mwaka 2007, watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, na ambako akina bibi wameuawa kwa kushukiwa uchawi kisa macho yao ni mekundu, wekundu wa moshi wa jikoni wa miaka na miaka. Sisemi kwamba wauaji walikuwa wanafunzi wa katekisimu. Nasema maneno yanaweza kukaa kinywani mwa jamii nzima yasishuke hadi kwenye hofu zake za usiku. Mtoto anataja amri ya kwanza bila kukosea, kisha anamwona mdogo wake amevalishwa hirizi kiunoni, na mama anamwonya asije akamwambia katekista. Siku hiyo amejifunza mambo mawili, na la pili ndilo atakaloliishi.

Lakini tazama hoja hiyo inakoelekea. Katekista hataiona hirizi ile. Mtoto anafika kwake Jumamosi amevaa vizuri, anajibu, anarudi. Nyumbani, anayeuliza swali na aliyefunga hirizi ni mtu yule yule. Hawezi kumuuliza mwanawe amri ya kwanza inatukataza nini bila swali hilo kumrudia mwenyewe, na watoto hawana adabu ya kunyamaza wakiona jambo halilingani. Ndiyo maana nashuku kwamba wengi wanaosema hawana muda wanakwepa jambo jingine. Katekisimu ya nyumbani inambana mzazi kuliko inavyombana mtoto. Ubaya wa kukariri ambao wapinzani wanauona ni wa kweli, ila unatibika penye mtu anayeweza kuulizwa, “Mbona sisi hatufanyi hivyo?” Mtu huyo hayupo darasani.

Halafu kuna maswali ambayo hayamo kitabuni. Pita Igoma na mtoto, aone makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba ziwani tarehe 21 Mei 1996, atauliza tu: “Baba, Mungu alikuwa hawaoni?” Amefundishwa kwamba Mungu yuko kila mahali na anaona yote. Jibu la kukariri hapo linatonesha kidonda. Mzazi aliyezoea kusoma swali na kusubiri jibu ataling’ang’ania lililoandikwa, au atamwambia mtoto anyamaze watu wamelala. Mwingine atamwambia mwanawe kwamba hata yeye jambo hilo linamsumbua, na kwamba Yesu msalabani naye alimuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Hilo nalo ni fundisho la imani. Mimi naliona lina uzito kuliko majibu mengi yenye namba, na sijui katekista gani mwenye watoto sitini mbele yake angepata nafasi ya kulitoa.

Ninachokiogopa zaidi nyumbani ni fimbo. Darasani mtoto aliyesahau anajificha nyuma ya wenzake; nyumbani yuko peke yake mbele ya mzazi aliyechoka. Mtoto anayechapwa kwa kukosea Baba Yetu ameshafundishwa kitu juu ya huyo Baba, na itachukua miaka kumfundua. Moto wa milele ni hivyo hivyo: mtoto wa miaka minne hana mahali pa kuuweka isipokuwa kitandani kwake, taa ikizimwa. Wanaotaka mtoto ajue yote mapema wangekumbuka kipimo cha Kanisa lenyewe. Papa Pius wa Kumi, mwaka 1910, alipowafungulia njia ya komunyo watoto wanaofikia umri wa kutumia akili, yaani kama miaka saba, hakudai waijue katekisimu nzima. Alitaka wajue kwa kadiri yao mafumbo ya lazima, na waweze kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Kama wa miaka saba anadaiwa hayo tu, wa minne anadaiwa nini zaidi ya ishara ya msalaba, Baba Yetu, na kujua kwamba aliyemuumba anampenda?

Kuhusu muda sina mengi. Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa haivuti dagaa, naye anakuwapo nyumbani. Mama anayefuata mzigo kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba ameshaamka kabla ya jogoo. Ratiba ya familia nzima mezani kila siku saa mbili usiku imeandikwa na mtu mwenye meza. Swali moja baada ya sala ya jioni linatosha, aulize mama, bibi au kaka mkubwa, na zile siku za mbalamwezi aulize baba. Kwa wenye uwezo waliokuwa wakipeleka watoto bweni mapema, kisingizio kimepungua tangu mwaka 2023, serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne.

Pagumu zaidi ni penye makanisa mawili ndani ya nyumba moja. Mwanza ndiko yaliko makao makuu ya AIC (Africa Inland Church), kanisa la Kiprotestanti, na kukuta mume wa AIC na mke Mkatoliki si ajabu. Mwambie mtoto wao ataje amri ya sita. Kwa hesabu ya mama ni usizini, kwa hesabu ya baba ni usiue, na hapo bado hamjafika kwa Bikira Maria. Parokiani mgongano huu hauonekani, kwa kuwa mtoto yuko na mwalimu mmoja. Wazazi wengi wa namna hii huchagua amani: hakuna anayefundisha, mtoto ataamua akikua. Nawaelewa, ila mtoto huyo hakai bila dini huku akisubiri kuamua. Anafundishwa na simu na mtaa. Baba Yetu ni moja kwa wote wawili, amri zinaweza kufundishwa bila namba, na habari za Yesu wa Galilaya, aliyekula samaki na wavuvi ufukoni, hazina mgogoro mtaa wowote wa Igogo. Yatakayobaki hayatatatuliwa na mtoto. Wayabebe wenyewe.

Kwa hiyo niko upande wa katekisimu ya nyumbani, na ya kukariri, mradi iwe fupi, isiwe na fimbo, na mzazi awe tayari kuulizwa. Sioni haki, hata hivyo, parokia kumdai mzazi kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Wengi wetu mara ya mwisho kufungua katekisimu ilikuwa wiki ya kipaimara. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, zinakutana kila wiki, na sehemu kubwa ya muda huishia kwenye michango. Robo saa ya kumwandaa mzazi kwa swali moja la wiki haiwezi kuiangusha jumuiya. Na siku ya kuandikisha watoto wa komunyo, kabla katekista hajamsikiliza mtoto, amwombe baba au mama aliyemleta aseme Nasadiki. Kuna watakaonuna. Atakayekwama asirudishwe nyumbani, aandikishwe naye.