Siki au kipimo cha HPV?

Dk. Rengaswamy Sankaranarayanan, mtafiti wa saratani kutoka India aliyefanya kazi miaka mingi IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, mjini Lyon, Ufaransa, alitafuta kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kinachomfikia mwanamke wa kijijini. Huko Dindigul, Tamil Nadu, wauguzi walipima kwa siki na kutibu. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha vifo vimepungua kwa 35%.

Mwaka 2009 yakatoka matokeo yake ya Osmanabad, Maharashtra, ambako kila kundi lililopimwa lilipimwa mara moja tu. Kundi lililopimwa HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, wanawake 34,126, lilipoteza 34 kwa saratani hiyo. Kundi la siki, 34,074, lilipoteza 56. Kundi ambalo mradi haukulipima, 31,488, lilipoteza 64. Kwa siki, tofauti ilikuwa ndogo mno kuthibitisha lolote. Aliyeipandisha chati siki ndiye aliyeleta ushahidi wa kuishusha, na huo ni uaminifu wa kisayansi. Hata hivyo, wakosoaji wana hoja nzito kuhusu kundi lile la tatu: kuita kutopimwa "huduma ya kawaida" ni kuukubali upungufu uleule uliopaswa kuondolewa.

Siki bado ina nguvu yake. Muuguzi hupaka siki ya 3–5%, husubiri dakika moja, kisha hutafuta doa jeupe zito lenye kingo bayana. Akiliona, na likiwa linafaa kuchomwa, hulichoma kwa kifaa cha joto la 100°C kwa sekunde 20 hadi 30, na mama anarudi nyumbani ametibiwa. Tatizo ni jicho. Maambukizi ya kawaida nayo huweupesha ngozi. Taa hafifu huficha doa. Na mama akikaribia miaka 50, eneo linalotakiwa kuonekana hurudi ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi.

Kipimo cha HPV hakitegemei jicho, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe bila kupanda kitandani. Ndiyo maana tangu 2021 WHO inakipendekeza kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU, kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5. Lakini mashine ikiwa wilayani na majibu yakichelewa, aliyekutwa na virusi hutafutwa kwa namba ya simu isiyopatikana tena.

Kwa Tanzania na Kenya, ambako vituo vingi vimezoea siki, HPV ndiyo njia sahihi. Ila kabla ya kununua mashine, kituo kitaje nani atamfuata mama huyo, kwa nauli ya nani, na kifaa cha kumtibu kiko wapi.