Tuanze na ukurasa wa kata yetu

Walimu wengi hulimaliza suala la wanafunzi kutumia Wikipedia, ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, kwa sentensi moja: sitaki kuiona kwenye kazi zenu. Siwalaumu. Mwaka 2005 ukurasa wake kuhusu mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler, ulidai kuwa aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais John Kennedy na mdogo wake Robert. Ulikuwa utani wa mtu mmoja, na ulikaa miezi minne hivi kabla ya kuondolewa. Miaka miwili baadaye, wanafunzi kadhaa wa historia ya Japani katika Chuo cha Middlebury, Vermont, waliandika kwenye mtihani kosa lilelile walilolitoa Wikipedia kuhusu uasi wa Shimabara wa karne ya 17, na idara yao ikapiga marufuku kuitaja kama rejea.

Ila marufuku ile ilihusu kuitaja tu, kuisoma iliruhusiwa. Huku kwetu tofauti hiyo hupotea. Mwanafunzi aliyekatazwa kabisa huisoma usiku kwenye simu ya dada yake, kisha anaorodhesha vitabu alivyovikuta chini ya makala kana kwamba amevisoma. Kwangu hilo ni baya kuliko kuitaja Wikipedia yenyewe, maana sasa ameongeza uongo juu ya uvivu.

Wanaoitetea hupenda kukumbusha ulinganisho wa jarida la sayansi la Nature wa mwaka 2005: katika makala 42 za sayansi, Wikipedia ilikuwa na wastani wa makosa kama manne kwa makala, ensaiklopidia ya Britannica matatu. Britannica iliupinga vikali. Hata tukiukubali, ulipima Wikipedia ya Kiingereza, yenye maelfu ya macho. Ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina wahariri wachache, na kurasa zake nyingi bado ni zile zinazoitwa mbegu: mistari miwili mitatu na ombi kwa msomaji aongeze habari. Pale macho yanapokuwa machache mambo huharibika kimyakimya. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Scotland iliyo ndugu wa Kiingereza, iliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo.

Basi tufundishe kupima vyanzo, wanasema wengine. Sawa, lakini kupima vipi? Orodha za maswali (nani kaandika, lini, tovuti inaonekanaje) hazifiki mbali. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanahistoria, wanafunzi na wakaguzi wa habari tovuti za vyama viwili vya madaktari wa watoto, kimoja kikubwa cha tangu 1930, kingine kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, walivutwa na mwonekano nadhifu wa kile kidogo. Wakaguzi hawakukaa kwenye ukurasa. Walitoka upesi wakaenda kuona wengine wanasema nini juu yake, na mara nyingi walianzia Wikipedia hiyohiyo, wakishuka moja kwa moja hadi kwenye tanbihi.

Ni mbinu nzuri, ila inadai bando, na inadai wengine hao wawepo. Tafuta kwa Kiswahili habari za mji mdogo, utakuta kurasa tatu zenye sentensi zilezile, koma kwa koma. Mwanafunzi atasema amelinganisha vyanzo vitatu, kumbe ni kimoja. Zaidi ya hayo, asiyejua lolote kuhusu Shimabara atalionaje kosa la Shimabara?

Ndiyo maana ningeanza na kitu ambacho mtoto anakijua kuliko ukurasa. Kata nyingi za Tanzania zina makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili: wilaya, mkoa, postikodi, idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Darasa lifungue ya kata yao, kwa projekta moja au hata kwa karatasi iliyochapishwa. Idadi ni ya sensa ya 2012 au ya 2022? Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu inasemaje? Sehemu ya historia ya ukurasa inaonyesha nani aligusa nini na lini? Kijiji kipi kimesahaulika? Mwalimu atasema muda hautoshi na mtihani hauulizi hayo, na kuhusu mtihani yuko sahihi. Kuhusu muda, kipindi kimoja kinatosha, na mtendaji wa kata anaweza kuulizwa njiani wakati wa kurudi nyumbani.