Si tasa, lakini vigawo viko wapi?

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitoa orodha ya namba ambazo, 2 ikipandishwa kwenye kipeo hicho kisha ukatoa 1, jibu huwa namba tasa. Ndani ya orodha aliiweka 67, na hapo alikosea. Jibu lake, 147,573,952,589,676,412,927, si tasa.

Nani alilithibitisha hilo? Édouard Lucas, mwaka 1876, alionyesha kwamba namba hii inagawanyika, bila kutaja kigawo hata kimoja. Vigawo vilikuja Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, pale Frank Nelson Cole alipovitaja: 193,707,721 na 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alizidisha ubaoni bila kusema neno, akarudi kukaa, ukumbi ukampigia makofi.

Wapo wanaoona Lucas aliacha kazi nusu. Kwangu hiyo ni kumwonea. Tazama njia yake, kwa sura aliyoirahisisha baadaye Derrick Lehmer. Anza na 4; izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, baki na salio, urudie. Kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 kutoa 1, unapata 14, kisha 194 yenye salio 8, kisha 62, inayogawanyika kwa 31 bila salio. Basi 31 ni tasa. Kwa kipeo cha 67 hatua ni 65, na mwishoni salio si sifuri. Huo ni uthibitisho kamili.

Ila anayetaka kuuhakiki hana njia ya mkato: arudie hatua zote, akishughulika na masalio yanayofika tarakimu 21, na kosa moja la mkono linaharibu kila kinachofuata. Kazi ya Cole anaihakiki hata mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye subira. Ugumu ulikuwa kuvipata. Kanuni inasema kila kigawo cha namba hii, ukitoa 1, lazima kigawanyike kwa 134; kidogo kati ya vile viwili ni 134 mara 1,445,580, jumlisha 1. Ukijaribu moja moja, hata kwa kichujio hicho, unapita zaidi ya milioni. Pengo hilo kati ya kuzidisha na kurudi nyuma ndilo linalobeba usimbaji wa RSA, njia ya kuficha ujumbe kwenye kompyuta (ambao, kusema kweli, hutumia namba kubwa kuliko hii mno).

Naegemea kwa Lucas, ingawa shingo upande. Chukua 2 kwa kipeo cha 1277, utoe 1: namba ya tarakimu 385. Kwa miongo kadhaa imejulikana kuwa si tasa, na watu wameisaka kwa kompyuta bila kuambulia kigawo. Tukidai kipimo cha Cole, yaani vigawo vyenyewe, juu ya namba hiyo tungekuwa hatuna la kusema.