Asilimia 20 katika ripoti ya saratani ya mapafu

Wapo madaktari wanaoona kwamba, adenokasinoma ya pafu, yaani saratani ya seli za aina ya tezi, ikikatwa mapema, ukubwa wa uvimbe na hali ya tezi za limfu vinatosha kukadiria hali ya baadaye ya mgonjwa. Wana hoja. Rula haina ubishi, ilhali wanapatholojia wawili, madaktari wanaosoma tishu kwa hadubini, huweza kutazama slaidi moja, huyu akaandika muundo wa lepidiki (seli zilizotanda kwenye kuta za vifuko vya hewa) na yule wa asina (vitezi vilivyovamia), hasa pale vifuko vya hewa vilivyobonyea vinapofanana na vitezi.

Ila rula yenyewe inaisubiri hadubini. Tangu toleo la 8 la TNM, mfumo wa kupanga hatua za saratani, kipimo cha T, yaani ukubwa wa uvimbe, kwa adenokasinoma isiyo ya ute ni sehemu iliyovamia tu. Lepidiki, ambapo seli hutambaa juu ya kuta za vifuko bila kuzivunja, haihesabiwi. Uvimbe wa sentimita 2.5 wenye uvamizi wa sentimita 0.8 ni T1a, ngazi ya chini. Ukiwa umevamia wote, ni T1c, ngazi ya juu zaidi.

Mfumo wa madaraja ya ukali uliochapishwa mwaka 2020 unasema hivi: lepidiki ikitawala, daraja la 1, asina au papilari (vijichipukizi vyenye mshipa wa damu katikati), la 2, lakini muundo mkali, yaani solidi (seli zilizoshikana bila kuunda vitezi), maikropapilari au vitezi changamani, ukifika asilimia 20, ni daraja la 3, hata kama zile 80 zote ni asina. Wengi huiona asilimia hiyo ndogo mno. Tazama maikropapilari: vishada vya seli visivyo na kikonyo wala mshipa wa damu, vinaelea ndani ya kifuko cha hewa. Kwa kukadiria ukali wa saratani hii, kishada kama hicho kina uzito kuliko milimita kadhaa za rula.

Hesabu ndiyo huharibika. Uvimbe umegawanywa vipande vinne sawa, na kimoja tu kina solidi asilimia 60: jumla ni 15, daraja la 2 ikiwa sehemu kubwa iliyobaki ni asina. Kipande hicho kisipowekwa kwenye slaidi, ripoti itasema sifuri. Kwa hiyo uvimbe usiozidi sentimita 3 ni bora upitishwe wote kwenye slaidi, na kila muundo uandikwe kwa hatua za asilimia 5, maana mgonjwa wa 15 na wa 20 hawatofautiani sana, ingawa madaraja yao hutofautiana.

Daraja la 3 peke yake halijawa sababu ya kutoa kemotherapi katika hatua ya mapema ya IA. Na kipande kilichotolewa kwa sindano kitajiwe miundo iliyoonekana tu, kisipewe daraja.