Subiri mwisho, subiri mwisho!
Jamani, watengeneza video za kuchekesha za YouTube, mnatuchosha! Kichekesho chenyewe ni cha sekunde 10, lakini kwanza tubonyeze kengele ya kupata taarifa za video mpya, tujiunge na chaneli, tuandike maoni. Halafu maandishi mekundu yanaziba uso wa mwigizaji: "Subiri mwisho!" Tunasubiri. Tukio linakatwa katikati, eti sehemu ya pili kesho. Hiyo kesho yenyewe haifiki.

Najua, tangu 2012 YouTube inapendelea video zinazotazamwa kwa muda mrefu kuliko zinazobofywa tu, na kila mtu anatafuta riziki. Sawa. Ila mtazamaji habaki kwa kuzungushwa! Andikeni kisa chenye kichwa na miguu, sauti isikike, mtuchekeshe kwanza. Kengele mtuombe baadaye.